Msimamizi wa Anton

Mara ya tatu Koleta alifika mlangoni kwa Mzee Wenceslaus, na mara ya tatu akageuka arudi kwake, mtoto mgongoni na kigoda mkononi. Safari hii akakumbana uso kwa uso na mama mmoja mnene, kanga moja kajifunga na nyingine kajitanda, naye amebeba kigoda chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa unakwenda wapi? Sala iko huku."

Koleta hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anakwenda kwenye sala. Lakini yule mama alikwisha kumshika mkono, na mara wakawa ndani.

Koleta alikuwa na miezi miwili tu Itetemia, mtaa wa Tabora. Mumewe, Ngollo, alikuwa fundi wa reli, na siku nyingi zilimkuta huko njia ya Bukene. Kwao Ipole kila mtu alimjua Koleta. Hapa hata kuku wa jirani walimkimbia. Alipompeleka mwanawe Anton kwa padri ili abatizwe, padri alimjibu kwa upole: "Tutambatiza. Ila jiunge kwanza na jumuiya yenu, watu wakufahamu. Na humo utafute msimamizi wa mtoto, mtu anayekujua vizuri."

Mwaka ule Chama kilikuwa kimepata jina jipya, na Kanisa nalo lilikuwa na jambo lake jipya: jumuiya ndogo ndogo, watu wa nyumba chache wanaosali pamoja kila Alhamisi jioni, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Koleta hakuogopa sala. Aliogopa kile alichosimuliwa, kwamba humo kila mtu husali kwa sauti, kwa maneno yake mwenyewe, huku wengine wakimsikiliza.

"Mama Balozi kafika," alisema Mzee Wenceslaus, kiongozi wa jumuiya, huku akivaa miwani. "Sasa tunaweza kuanza."

Ndipo Koleta alipojua aliyemshika mkono ni nani. Ni balozi wa nyumba kumi, yule ambaye mtaa mzima ulimpelekea ugomvi wake wa mipaka, wa mbuzi na wa ndoa. Mama Balozi akakiweka kigoda karibu na mlango, akampakata Anton ili mama yake apate mikono yote miwili, akaanza kumwelekeza kwa kunong'ona. Sasa simama. Sasa itikia. Sasa kaa, hapa huwa panakuwa parefu.

Mzee Wenceslaus alipoanza kusoma Injili, Mama Balozi alikohoa kidogo. "Hiyo tulisoma wiki iliyopita, mzee."

Mzee akafunua ukurasa mwingine bila kubisha.

Kisha zamu ya Koleta ikafika. Akasikia sauti sikioni: "Sema naye kama unavyosema na mama yako."

Koleta akafumba macho. Alimwombea Ngollo na reli yake, akamwombea mama yake na miguu yake, akaombea mizinga ya nyuki ya baba, meno ya Anton, na kuku wa jirani wapate kumzoea. Alipofumbua macho, Mzee Wenceslaus alikuwa amekwisha kuvua miwani, na wanawake wawili walikuwa wakicheka ndani ya kanga zao. Lakini walicheka kwa wema, na walipotoka walimsindikiza mpaka kwake.

Tangu siku hiyo hakukosa. Alikuja kuwafahamu wote, lakini aliyempenda ni Mama Balozi. Ndiye aliyemwonyesha duka lenye sukari, ndiye aliyekesha naye Anton alipopata homa. Kila Alhamisi jua lilipokaribia kuzama Mama Balozi alikuwa wa kwanza kuondoka, hakungoja hata chai, na Koleta alidhani anawahi kumpikia mumewe. Jumapili hakumwona kanisani, akadhani anasali misa ya kwanza.

Kwa hiyo miezi mitatu ya jumuiya ilipokwisha hakuhitaji kufikiri sana. Alimkuta uani akipepeta mchele.

"Mama Balozi, nina ombi. Jumamosi nampeleka Anton parokiani akaandikishwe. Naomba usimame naye."

Ungo ukatulia. Mama Balozi alimtazama mtoto.

"Wamesema mimi nafaa?"

"Padri alisema mtu anayenijua vizuri."

"Basi nitasimama. Watu wangu wote huwa nasimama nao."

Jumamosi walimkuta katekista mgeni, kijana nadhifu aliyehamishiwa Tabora wiki ile, na kitabu kikubwa mbele yake.

"Wewe ndiye msimamizi? Unamfahamu mama wa mtoto?"

"Namfahamu. Anaogopa kusali kwa sauti, ila akianza hamalizi."

Katekista akaandika. "Unahudhuria jumuiya?"

"Tangu ilipoanza sijakosa hata Alhamisi moja."

"Rozari mnasali?"

"Tunasali. Mzee Wenceslaus hupotea kwenye tendo la nne, tunamrudisha."

Katekista alitabasamu, akamgeukia Koleta. "Umechagua vizuri, dada. Wasimamizi wa namna hii ni wachache." Akachovya kalamu. "Na jina lako la ubatizo, mama?"

Mama Balozi alimhamishia Anton bega la pili, akampigapiga mgongoni.

"Hilo sina, mwalimu. Andika Swaumu binti Mabruki," akasema. "Na kama maswali bado ni mengi tuharakishe, swala ya adhuhuri isinipite."