Mabadiliko ya Wiki

Kila Jumamosi, kabla ya chai, tunagawana mabadiliko. Sheria inamtaka kila mtu amweleze polisi kata, akiwa peke yake, ni nani nyumbani aliyebadilika wiki hiyo, maana ugaidi, wanasema, huanza hivyo. Ukisema hakuna, unaficha. Wawili wakimtaja mtu mmoja, mtu huyo huchukuliwa.

"Mimi namsema mama, ameacha sukari," binti yetu Salha alisema.

"Sukari ulishanisema mwezi jana. Sema nimekuwa mkimya."

"Wewe mkimya? Afande atacheka," mume wangu Mbaruku akadakia. Yeye angemsema Salha, mimi ningemsema Mbaruku.

Saa tatu Afande Machumu alifika, akatuita chumbani mmoja mmoja, nasi tukasema kama tulivyopanga. Alipomaliza hakuondoka. Aliketi kwenye kochi, akavua kofia.

"Shemeji," aliniambia kwa upole, "kila nyumba mtaa huu, siku moja moja, wawili humtaja mtu yuleyule. Watu wanaishi pamoja, wanaona yaleyale. Hapa kwenu ni miaka miwili sasa, haijatokea hata mara moja." Akatutazama. "Nani huwapangia?"



"Hakuna," tulijibu sote watatu, kwa pamoja.

Ilikuwa mara ya kwanza majibu yetu kufanana. Afande akafungua daftari, akaandika.