Kelele za Mwendo

Katika uchochoro wa Yogyakarta, Handoko alimfuata mwanamke mzee muuza dawa za mitishamba, macho kwenye tableti. Bibi alibeba kikapu cha chupa mgongoni, na kichwani alivaa kofia ya nyaya inayosoma ubongo wake akitembea.

"Leo nimefanana na tunda la durian kabisa, miiba mitupu," Bibi alicheka. "Wateja watanikimbia."

Kila mstari wa ubongo kwenye tableti uliporuka kama mwiba, Handoko aliufuta mruko huo. Ndiyo kazi yenyewe: mtu akitembea, shingo na nyayo hutia kelele kwenye mistari, na kelele hufutwa. Siku ya kumi na nane hii, anafuta miiba ileile.

Kwenye geti la mteja wake Bibi alitua kikapu, akaketi, akaanza kummiminia dawa ya binzari.

Mara mkono ukaganda. Dawa ikajaa glasi, ikafurika, ikapita vidoleni mwake hadi kwenye kitambaa chake cha batiki, polepole, njano. Macho yake yalikuwa wazi, hayapepesi. Hakuna kilichotikisika mwilini mwake.

Kwenye tableti miiba ileile ya kila siku ilisimama safu nzima. Kidole cha Handoko kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.

Bibi akazinduka, akavitazama vidole vyake. "Aa, uzee huu! Hunijia hivi siku hizi."

"Bibi," Handoko alisema, akiondoa kidole kwenye kitufe, "umeshamwona daktari?"

"Daktari wa nini, mjukuu wangu?" Alijifuta kwenye batiki. "Si wewe unayenichungulia kichwani kila asubuhi? Kungekuwa na neno, ungekuwa umeshaniambia."