Gambuti za Mlangoni

"Kukhu, mnaishi wangapi hapa?" aliuliza msichana mtafiti aliyetoka Kitale, kidole chake kikingoja juu ya simu.

Bibi kizee Nabwile alitupa jicho mlangoni. Tangu amzike mzee wake miaka minne iliyopita, alikuwa ameziacha gambuti za marehemu, viatu vyake virefu vya mpira, hapo mlangoni. Kila asubuhi alizipaka tope bichi, ili mpita njia yeyote pale Kabuchai adhani kuna mwanamume ambaye ametoka shambani sasa hivi.

Msichana alizitazama. "Ama niandike wawili? Naona mzee amerudi."

"Na hiyo hesabu ni ya nini, mwanangu?"

"Wale wanaoishi peke yao tutakuwa tunawaita kanisani kila Jumatano. Watafundishwa mambo ya presha na miguu, halafu watakula pamoja. Wenye watu nyumbani, hapana. Nafasi ni chache."

Mwanabodaboda aliyemleta msichana alikuwa amezima pikipiki karibu na ua. Nabwile hakumjua. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, na macho yake yalikuwa yakizunguka kutoka kwa ng'ombe hadi kwenye kufuli la jikoni.

Nabwile aliitazama mikono yake. Tope la asubuhi lilikuwa limekauka kwenye mikunjo ya vidole. Kwa siku nne hakuwa amesikia mtu akimwita.

"Si uniambie tu, kukhu. Bado niko na nyumba kumi."

"Mmoja," Nabwile alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na mwanabodaboda akageuka kumtazama.