Madoa ya Lusajo

“Kuanzia leo, mgonjwa ni yule ambaye picha ya ubongo wake imesema hivyo!” mkuu wa shule alinguruma mstarini, huku kuku akimdonoa kiatu.

Juma lililofuata Lusajo, aliyeumwa na kupe porini, alitetemeka mikono na kusahau hata jina lake. Kwenye zahanati ya shule, Matroni akatazama skrini ya picha za ubongo. “Picha yako safi. Nenda darasani.”

Rafiki yake Mbaruku, aliyelazwa hapo kifalme, akaruka kutoka kitandani. “Haki iko wapi, Matroni? Anayeumwa ni mtu au picha?”

“Na wewe mwenye madoa meupe ubongoni, nguvu za kufoka umezitoa wapi?”

Lusajo akaanguka.

“Nilibadilisha majina ya picha zetu, Matroni,” Mbaruku akakiri, “nikwepe mtihani wa hesabu. Madoa ni yake!”

Matroni akatazama skrini tena. “Picha haijasema hivyo.”