Mboga Iliyofutwa Jina

Vibarua wa Daftari la Viumbe walifika uani kwetu Lushoto wakati Mama anachuma mboga. Walimsogeza pembeni, wakaanza kung'oa mboga hiyo, misungwe yake yote. Siku hizi mmea usio na jina daftarini hauruhusiwi kuota.

"Mwenye kazi ya kuipa mimea majina ni mimi!" nilifoka. "Niliunganisha majina mawili, sikuua mmea!"

Msimamizi wao, Shekulavu, hakuinua macho kutoka kwenye kishikwambi. "Dokta, uliandika kwamba msungwe na msungwepori ni mmea mmoja. Kwa kanuni zenu likabaki jina la zamani zaidi, yaani la msungwepori. Huu hauna jina tena. Saini ni yako."

Nilimtukana yeye, wakubwa wake na mashine yao isiyojua kwamba kufuta jina si kufuta kitu. Wao waling'oa tu.

Mama hakunitetea. "Ulijuaje kuwa ni kitu kimoja?"

"Nililinganisha majani ya sampuli mia mbili, Mama."

"Mabichi?"

"Makavu. Ndivyo tunavyofanya kazi, tunayabana kwenye karatasi."

Akaokota jani la msungwe wake matopeni, akachuma na la msungwepori uliojiotea ukutani. Akanisukumia mdomoni moja moja, kama ananinywesha dawa. "Tafuna!"

La kwanza lilikuwa tamu kama siku zote. La pili lilinichoma ulimi kwa uchungu, nikalitema.

"Miaka yote hiyo ya kusoma," Mama alisema, "hukuonja?"

Nyuma yake, vibarua walikuwa wameanza kupanda miche mipya: ya ule mchungu, wenye jina.