Msumari wa Kwanza

Bernadetha aliitambua kengele ya karani kabla baiskeli haijakata kona ya ofisi, maana ni hiyo peke yake iliyokuwa ikilia mara moja na kukwama. Akauacha ufagio katikati ya korido, akajaza ndoo, akaikimbiza hadi kwenye bafu la mabati nyuma ya banda la baiskeli.

Miaka miwili alikuwa akimwekea karani yule maji ya kuoga na kutoa vumbi la barabara ya Nyanungu. Hakuwahi kumwambia kuwa ni yeye anayeyaweka, na karani hakuwahi kuuliza. Kisha asubuhi moja lori la mgambo likamchukua kwenda vitani, akiwa bado na nguo za safari. Shati lake la kazini lilibaki bafuni, kwenye msumari wa kwanza. Kila Jumamosi Bernadetha alilifua na kulirudisha palepale.

Aligeuka baiskeli iliposimama.

Aliyekuwa akishuka ni mwanamume mwingine, mwenye kipaji cha uso kilekile.

"Habari za asubuhi, dada. Mimi ni mdogo wake. Nimepewa nafasi yake."

Bernadetha alikuwa bado anaitazama ile kengele.

"Aliniandikia akiwa vitani," mwanamume akasema, macho kwenye ndoo. "Alisema siku nikifika hapa nitakuta maji, na anayeyaweka anaitwa Bernadetha. Ndiye wewe?"

Akavua shati lililolowa jasho, akanyoosha mkono kulitundika kwenye msumari wa kwanza.

"Huo una mwenyewe," Bernadetha alisema. "Tundika kwenye huo wa pili."