Aliyeitikia Jina la Mwenzake

Siku hizi hakuna mlango unaokufungukia bila spika za masikioni, na jina unaloliitikia humo ndilo lako kisheria. Tunu alinunua zake sokoni, za mtumba. Alikuwa peke yake nyumbani akipepeta mchele, sauti ya mwanamume ikamwita masikioni kwa upole, "Mishi."

Mtoto wa kike aliyelelewa na bibi haitwi akanyamaza. "Abee," akaitika kabla hajafikiri.

Spika zikalia kengele. Jina limethibitishwa.

"Miezi minane nakutafuta, mke wangu. Kumbe uko Barabara ya Kumi na Tatu! Nakuja."

"Kaka, mimi siye! Naitwa Tunu, hizi nimezinunua tu!"

Akakimbilia mlangoni.

"Bi Mishi," mlango ukasema kwa adabu zote, "mumeo ameomba umsubiri ndani."

Akazing'oa zile spika, mlango ukawa kama ukuta. Akazivaa tena, akasukuma, akalia, mpaka ukafunguka wenyewe.

Mwanamume akasimama kizingitini, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Tunu aliona wazi kuwa amejua siye mkewe.

"Vaa viatu, Mishi," akasema. "Twende nyumbani."